Redio ya Baba Mkwe

Habari ya dawa sikuisikia redioni wala kanisani. Niliikuta sokoni Kyela, imevaa kitenge, inagombana na mteja.

Alikuwa muuza dagaa mmoja wa kutoka ufukweni, mwanamke ambaye sisi wenzake tulikuwa tumeshamzika mioyoni. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anarudishwa kwao kwa baiskeli, amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa mwendeshaji ili asidondoke, amebaki macho na meno. Tukasema huyu ndiyo basi, tukaanza kusogeza bidhaa zetu kwenye nafasi yake. Halafu siku hiyo, mchana kweupe, nasikia sauti nyuma yangu: "Kama hununui usininusie dagaa wangu, pua yako siyo mizani!" Nageuka, ni yeye. Ana mashavu! Ana mikono ya kushika kitu! Amerudi na ugomvi wake wote, akaidai nafasi yake papo hapo, tukampisha.

Nilimvuta nyuma ya magunia ya mchele. "Dada, umekunywa nini wewe?"

Hakujifanya hajui ninachouliza. Sokoni tulikuwa tunajuana kwa kuangaliana shingo tu, nani anapungua na nani bado. "Nenda hospitali Alhamisi," akasema. "Kuna dawa. Haiponyi, usije ukanidai. Inamlaza mdudu usingizi. Ni dawa tatu wamezikutanisha. Moja peke yake anaishinda, mbili anazizoea, lakini tatu zikimkalia kooni hafurukuti. Unakunywa asubuhi, unakunywa jioni, mpaka unazeeka."

Mpaka unazeeka! Nilibaki nimesimama na kopo la kupimia mchele mkononi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba nitazeeka. Tangu mume wangu aanze kukohoa mimi nilikuwa nimejua kuwa sote wawili tumekanyaga waya, na baada ya kumzika nilikuwa naishi kama mgeni anayesubiri basi la Mbeya, mzigo uko miguuni. Zamani zile za soko huria kila kitu kilikuwa kinaingia Kyela: vitenge vya ng'ambo, mitumba, simu za kuning'iniza shingoni, sabuni zinazonuka matunda. Wagonjwa peke yao ndio walikuwa hawaletewi kitu. Sasa kimeletwa! Jioni ile nilirudi Ndandalo natembea karibu kukimbia, nikawapikia watoto mbalaga ya ndizi iliyojaa sufuria mpaka mkubwa akaniuliza, "Mama, leo kuna mgeni?"

Nikamwambia yupo, njiani anakuja.

Alhamisi nilikuwa kliniki. Muuguzi wa pale alikuwa mama mnene, miwani ameifunga kwa kamba, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Walinitoa damu, na majibu yalipokuja akaniketisha akanisomea bila kunionea huruma, jambo ambalo nilimpendea. "Wanajeshi wa mwili wako wamebaki wa kulinda geti tu," akasema. "Adui akiamua kuingia, anaingia. Unatakiwa uanze dawa haraka."

"Nipe hata sasa hivi, mama."

"Haitolewi kama pipi. Dawa hii ukiichezea, nayo inakuchezea. Ukiruka leo, ukaruka keshokutwa, mdudu anaamka, anaizoea, na hapa kwetu hatuna nyingine ya kukubadilishia. Kwa hiyo kwanza unasoma masomo, kila Alhamisi somo. Halafu unakuja na mtu wa kukusimamia. Mtu wa karibu, anayelala karibu na wewe, anayejua unaumwa nini. Mtu ambaye saa mbili ikifika atakuuliza: umekunywa? Bila huyo, hatuanzi."

Nikamwuliza kama huyo muuza dagaa anafaa. Akasema anakaa ufukweni, mbali, hafai. Dada yangu? Dada yangu alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Songwe, Karonga huko, kumwona ni mpaka msiba. Mama yangu hayupo. Mume ndiye huyo nimemzika. Majirani? Jirani zangu wa Ndandalo nawapenda, lakini ukimwambia mmoja asubuhi, jioni unasalimiwa kwa huruma na watu usiowajua.

Niliondoka pale na furaha yangu imeingia maji. Dawa ipo, naiona kabatini, vichupa vyeupe vimepangwa, na mtu wa kuniuliza swali la neno moja sina.

Hapa inabidi nieleze jambo letu, ambalo wageni wakilisikia wanacheka. Sisi Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Siyo kwamba wana ugomvi, ndiyo heshima yenyewe, tunaiita kutila. Ukimsikia anakuja njiani unaingia migombani, unachuchumaa, unajifunika kichwa mpaka apite. Humtaji jina. Humsemeshi. Humtazami usoni, na yeye hakutazami. Siku hizo wengi walikuwa wameshalegeza, hasa wa kule mjini Mbugani, unamkuta mke na baba mkwe wanabishana bei ya mkaa mlangoni. Lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani, na mimi nililelewa na bibi aliyenifundisha adabu kwa kiboko.

Tulikuwa tunakaa uwanja mmoja, nyumba yake na yangu, katikati mstari wa migomba uliopandwa kwa kazi hiyo hiyo ya kutuficha. Tangu mama mkwe afariki ni mimi niliyempikia, watoto wakimpelekea sahani. Lakini hata angepotea ningeshindwa kuwaeleza polisi anafananaje. Nilimjua kwa kikohozi. Nilimjua kwa katambuga zake za tairi, ya kushoto ikiburuza mchanga. Na nilimjua kwa redio yake ya zamani, iliyokuwa na mkwaruzo kama mtu anayesema huku anatafuna, ambayo aliifungulia kwa sauti ya chini kila siku, maana betri alizihurumia kuliko watu. Zikichoka alizianika juani juu ya bati, akazigeuza kama mihogo.

Basi. Alhamisi ya kwanza ya masomo nimekaa kwenye benchi la kliniki, khanga nimejitanda vizuri, nasubiri tuitwe. Nasikia kwenye korido: kwaa, shwaa. Kwaa, shwaa. Nikainamisha macho, na chini ya watu waliosimama nikaiona ile katambuga ya kushoto.

Sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, nikajikuta pale wanapoanika shuka za wodini, nikachuchumaa katikati ya shuka mbichi na kichwa nimekifunika. Muuguzi akaita jina langu. Akaita tena. Nami niko nyuma ya jengo, na mawazo yanakuja mbio: baba mkwe ana ngoma! Mzee wa kanisa, anayeshika kapu la sadaka! Ameipata wapi? Nikawapitia wajane wote wa Ndandalo kichwani, mmoja mmoja, nikawahukumu bila kesi. Kuna mmoja alikuwa anamletea maziwa. Nikasema, kumbe! Maziwa, eti.

Halafu huruma ikanishika. Masikini mzee, naye anakuja kujificha huku kama mimi. Halafu hasira ikairudia nafasi yake: siku zote saba za wiki, lazima aje Alhamisi yangu?

Somo likaisha bila mimi. Nikarudi nyumbani kwa njia ya mashambani ili tusikutane, nikampikia ubwabwa na samaki kama kawaida, nikamwongezea nyama ya samaki kwa ajili ya ugonjwa wake. Sahani ilirudi tupu. Nikasema, mgonjwa gani huyu anakula hivi.

Alhamisi iliyofuata nilipanga kumwahi. Nilitoka Ndandalo nyasi zikiwa bado na umande, nikapanda baiskeli ya abiria nikamhimiza mwendeshaji mpaka akaniambia, "Mama, hii ni miguu, siyo injini." Nafika, mlango wa kliniki bado haujafunguliwa, na mzee yupo! Amekaa mwisho kabisa wa benchi, mgongo ameupa njia, uso ameuelekeza ukutani, redio mapajani. Nikasema, aibu imemshika, hataki watu wamwone. Nikageuza kuelekea kwenye shuka. Siku hiyo hata hazikuwepo, zilikuwa bado wodini, nikajificha nyuma ya pipa la maji. Jina langu likaitwa. Sikuitika.

Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nikisimulia hapa nacheka. Lakini wakati ule sikuwa nacheka, maana wiki ile ile mkanda wa jeshi ulinizunguka ubavuni. Mwenye kuugua mkanda wa jeshi anaujua, ni moto unaovaa kama mshipi. Nilikuwa siwezi kufunga khanga. Nilikuwa natwanga mpunga wa kula nyumbani kidogo kidogo, napiga mchi, napumzika, napiga tena. Mtoto wangu mdogo alikuwa bado anavaa viatu kushoto kulia. Nilimwangalia akivihangaikia nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu nani atamgeuzia? Wale wanajeshi wa getini walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na mimi nakosa dawa kwa sababu ya adabu!

Nikaamua kwamba Alhamisi ya tatu liwalo na liwe. Nitakaa, nitajifunika, nitamfumbia macho. Nilijiapiza hivyo njia nzima. Nilipofika na kuisikia ile kwaa, shwaa ikija kutoka upande wa chumba cha dawa, kiapo chote kikayeyuka. Shuka zilikuwepo. Nikaingia.

Nimechuchumaa, mara naona miguu minene ya viatu vyeupe imesimama mbele yangu. Shuka ikafunuliwa kwa hasira.

"Haa! Ni wewe!" Muuguzi alikuwa ameshika kiuno, miwani inaning'inia. "Kumbe anasema kweli."

"Nani, mama?"

"Huyo mzee wako! Wiki ya tatu sasa anakaa kwenye benchi langu. Namwuliza, mzee, wewe mgonjwa? Anasema, hapana, nasubiri mtu wangu aanze dawa, mimi ndiye wa kumsimamia. Namwuliza, mtu wako yuko wapi? Anasema, yuko nyuma ya jengo. Leo nimechoka, nikasema ngoja nikaangalie hilo jengo lina nini nyuma!"

Nilikaa chini kabisa, kwenye majimaji ya shuka.

"Masomo yote amesoma," muuguzi akaendelea, sauti juu, wodi nzima inasikia. "Hajakosa hata moja! Wewe mwenye ugonjwa ndiye hujahudhuria. Sasa nimpe dawa nani, yeye?"

"Mama," nikamwambia, "yule ni baba mkwe wangu."

Alikuwa mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alitazama shuka, akanitazama mimi, akatazama jengo, halafu kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena hospitali yoyote, kicheko cha kujishika ubavu. Na mimi na mkanda wa jeshi wangu nikacheka, naumia, nacheka, machozi yananitoka, sijui ni ya nini. Wajane wa Ndandalo wanisamehe. Yule wa maziwa hasa.

Muuguzi alikuwa na akili ya kazi. Aliingia wodini akatoka anasukuma pazia, lile la kitambaa cha kijani lenye magurudumu wanalomzungushia mgonjwa akibadilishwa nguo. Akalisimamisha katikati ya chumba chake. Mzee akakalishwa upande mmoja, mimi nikaingia kwa mlango mwingine nikakaa upande wa pili, na yeye akaketi mwisho wa pazia, anatuona wote wawili.

"Haya," akasema. "Tunaanza mtihani. Akitapika kidonge baada ya kumeza tu?"

Niliinama. Sikujua.

"Anarudia kumeza kingine," sauti ikasema upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia karibu hivyo. Ilikuwa nyembamba kuliko kikohozi chake.

"Akiota vipele mwili mzima?"

"Anakuja hapa mbio. Haendi kwa mganga."

"Akijisikia amepona, amenenepa, ana nguvu?"

"Anaendelea. Nguvu ni za dawa, akiacha nazo zinaacha."

"Mzee, na wewe ulijuaje kama anaumwa? Alikuambia?"

"Mimi na yeye hatusemeshani," mzee akasema, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nilisikia mchi. Mkamwana wangu anatwanga vizuri, nimemsikia tangu alipokuja kwetu, mchi wake una mwendo mmoja. Mwaka huu ukaanza kusimama njiani. Mtoto wangu naye kabla hajalala kitandani moja kwa moja, shoka lake lilikuwa hivyo hivyo, linasimama njiani. Halafu nikaona anaondoka Alhamisi bila mzigo kichwani. Mfanyabiashara bila mzigo anakwenda wapi? Nikamfuata." Akakohoa. "Nimezika wawili. Huyu sitaki."

Nilijifunika uso wote na khanga. Kumbe uso aliuelekeza ukutani ili mimi nipate nafasi ya kupita nyuma yake! Kila Alhamisi amenifungulia njia, na mimi nakimbilia kwenye shuka. Nilitaka kumshukuru kwa lugha yetu, ndaga, baba, ndaga fijo, na nisingeweza, kwa adabu na kwa kilio, nikamnong'oneza muuguzi, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mzee," muuguzi akasema, naye anafuta miwani. "Lakini tatizo liko pale pale. Saa mbili ikifika utamwulizaje, kama hamsemeshani?"

Nikasikia kitu kizito kikiwekwa juu ya meza. Muuguzi akakodoa macho.

"Nitamwuliza kwa hii," mzee akasema. Ilikuwa redio.

Na aliuliza! Jamani, aliuliza! Saa mbili asubuhi, saa mbili jioni, yule mtu aliyekuwa anahurumia betri akaifungulia redio mpaka mwisho, kuku wakakimbia uwanjani, popo wakatoka migombani. Ikiwa ni taarifa ya habari, Ndandalo nzima inahabarishwa. Ikiwa ni kwaya, tunaimbiwa. Ikiwa ni mpira, tunafungwa goli wote kwa pamoja. Mimi nikiisikia namimina maji kwenye kikombe, nachukua kile kidonge nilichopewa nilipomaliza kufidia masomo, kimoja chenye dawa tatu ndani, namtakia mdudu usingizi mwema, nameza. Halafu naenda kwenye kinu kitupu na kukipiga mchi. Du, du, du. Redio inashuka mara moja. Ameuliza, nimejibu.

Jirani mmoja akaja kunishauri. "Mama, mwambie mzee wako apunguze sauti, masikio yamemfia?"

"Nimwambie nani? Unataka niende kumsemesha baba mkwe? Wewe bibi yako hakukufunza?"

Akaona haya akaondoka, na mimi nikajifungia ndani nikacheka.

Mwanzo dawa ilinipiga. Kichefuchefu, kichwa, dunia inazunguka, nikasema labda yule wa dagaa alipewa yake nzuri mimi nimepewa mbovu. Asubuhi moja nilitapika kidonge kikiwa hata hakijafika tumboni, na papo hapo nikasikia redio, iliyokuwa imeshashuka, inapanda tena juu kwa nguvu. Alikuwa amenisikia. Nikachukua kingine nikameza, nikapiga kinu kwa hasira, na yeye akashusha.

Halafu ikaja njaa. Ah, hiyo njaa! Mtu ambaye hajawahi kusahau njaa hawezi kujua utamu wa kuirudia. Niliamka siku moja nikanusa mahindi ya kuchoma ya jirani nikajikuta nimesimama kwenye uzio wake kama mbuzi. Nilikula wali, nilikula samaki mbasa wa kukaanga na miiba yake, nilikula ndizi nikiwa bado nazimenya. Watoto walinikodolea macho. Mchi ukarudi kwenye mwendo wake, nami nilijua kuna anayeusikiliza upande wa pili wa migomba, basi nikawa natwanga kwa mbwembwe, hata mpunga ukiwa umeshatwangika naendelea. Sokoni muuza dagaa alinizunguka kunikagua mbele na nyuma. "Umerudi," akasema. "Sasa sogeza magunia yako, unanibana."

Kwenye mizani ya kliniki muuguzi aliita wenzake waje waone. Mkanda wa jeshi ukaacha kovu tu. Nikaanza tena kwenda mpakani kufuata vitenge vya kuuza, kama kabla sijaugua, lakini kila safari niliipanga niwe nimerudi kabla redio haijauliza.

Ikaja masika. Masika ya Kyela hayabishi hodi, mito inaamka yote kwa pamoja na maji yanaingia uwanjani kama wenye nyumba. Jua halikuonekana wiki nzima. Jioni moja mvua imetulia kidogo, watoto wamejikunyata kitandani, chemli inawaka. Nimeshamimina maji kwenye kikombe. Kidonge kiko kiganjani. Saa ya ukutani ya marehemu mume wangu inasema saa mbili.

Kimya.

Nikasema, betri. Hakuna jua la kuzianika, zimemfia. Nikacheka peke yangu. Ningeweza kumeza tu, saa ilikuwepo, macho ninayo. Lakini mdomo ulikataa kufunguka. Nilitega sikio nisikie kikohozi. Hakuna kikohozi. Nikatega nisikie katambuga. Maji tu, yanateleza kwenye migomba. Nikapiga kinu, nijibu hata kabla sijaulizwa. Du, du, du. Hakuna.

Sikukumbuka khanga. Sikukumbuka bibi wala kiboko chake. Nilitoka kichwa wazi, maji yananifika magotini, nikapita katikati ya ile migomba ambayo sikuwahi kuivuka tangu niolewe, nikasukuma mlango wa baba mkwe wangu na chemli mkononi.

Alikuwa kitandani, anatetemeka na kitanda kinatetemeka naye. Homa. Ningeweza kulihisi joto lake nikiwa mlangoni. Redio ilikuwa kifuani, mfuniko wake wa nyuma uko wazi, na mkono mmoja ameubana kwapani kwa nguvu zote. Nikainua taa. Alikuwa amebana betri. Mzee wa watu, malaria inamuunguza, na yeye anautumia moto huo huo kuzipasha betri zipate nguvu ya kuniuliza mimi.

Akageuza uso. Hakuna aliyejificha. Nilimwona, kwa mara ya kwanza, na nikakaribia kuangusha taa, maana alikuwa na sura ya mume wangu, jinsi ambavyo mume wangu angekuwa kama angeachwa azeeke.

Midomo ilikuwa imemkauka. Akaifungua.

"Umekunywa?"

"Bado, baba."

Nikafungua kiganja. Kidonge kilikuwepo, kimelowa jasho na mvua lakini kizima. Nikachota maji kwenye mtungi wake, kwa kikombe chake, nikameza mbele yake nimesimama wima. Aliniangalia koo mpaka kidonge kilipopita.

"Haya," akasema, akaziachia betri. "Sasa na mimi nitafutie ya malaria."